Lastiki Mgongoni

Mtu aliyepanda ngazi miaka thelathini na miwili, aliyepaka rangi kuta za ghorofa nne huku ameshika kamba kwa mkono mmoja, alikuja kuvunjika mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye stuli ya jikoni. Na stuli yenyewe fupi, hata kuku angeiruka bila kufungua mabawa. Alikuwa anabadilisha balbu. Mguu mmoja wa stuli ulikuwa unacheza, jambo ambalo mkewe alilisema tangu mwaka juzi mpaka akachoka. Siku hiyo ukakunjika, mzee akashuka kitako kwenye sakafu ya saruji, puu! Balbu ilibaki mkononi, nzima kabisa, na ndiyo iliyowekwa baadaye.

Mtaani walimwita Brashi. Mkewe walimwita Fundi, bila nyongeza, maana nusu ya mtaa ilivaa alichoshona yeye, na nusu ya pili ilivaa alichorekebisha. Fundi alisikia kishindo akiwa kwenye cherehani, akaja akamkuta mumewe amekaa sakafuni, miguu mbele, balbu mkononi. Akadhani ni mzaha, maana Brashi kwa mizaha hajambo.

"Inuka basi, baba watoto. Utachafua suruali."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Fundi. Siwezi."

Hapo ndipo alipoliona jasho kwenye mdomo wa juu. Yeye na majirani waliutoa ubao wa meza ya kukatia nguo, wakamlaza juu yake, jirani mwenye pikapu akawapeleka hospitali.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, anayezungumza huku anaandika. Alibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akaweka ncha ya kalamu mahali mgongo unapoingia kiunoni.

"Pingili hii. Zilizo juu yake na chini yake ni za mraba. Hii imebonyea upande wa mbele."

Fundi aliiona mara moja. Ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha zamani.

"Uti wa neva unaopita ndani haujaguswa," daktari akaendelea. "Miguu inasogea, vidole vinasikia, mkojo unatoka. Shukuruni."

"Kwa stuli tu, daktari?" Brashi aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Kama ni kuvunjika, alitaka angalau iwe kwa ngazi.

"Stuli ile haivunji mfupa wenye nguvu. Unameza dawa gani?"

Ikajulikana. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vya kifua. Vumbi la kusugua kuta na harufu za rangi vilimbana pumzi, na kila alipobanwa alipita duka la dawa akajinunulia, miaka kumi na mitano, bila kumwuliza mtu. Vidonge vilimfungua kifua, daktari alisema, na huku nyuma vilikuwa vinaila mifupa kidogo kidogo. Wenye mifupa ya namna hiyo wengine huvunjika kwa kuinua ndoo, wengine kwa kupiga chafya. Sasa angevipunguza taratibu, yeye daktari akiangalia, na angepewa dawa ya kuvuta.

"Nasikia siku hizi mnatia sementi," Brashi akasema. Mambo ya kuziba nyufa aliyajua.

Daktari akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. "Nisikilizeni wote wawili. Kuna sementi, kuna na skrubu. Sitaki kuvitumia. Kwa kifua hiki, kumlaza kwa dawa ya usingizi juu ya meza ya upasuaji ni hatari, huenda tusimwamshe vizuri. Na skrubu kwenye mfupa laini inashika leo, kesho inalegea. Mfupa utajiunga wenyewe kwa wiki kumi na mbili, akivaa kifaa nitakachomwandikia. Ukiendelea kubonyea, sitakuwa na njia nyingine."

Hilo ndilo Fundi alilotoka nalo kichwani: kifaa, au meza.

Wakamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka karakana ya hospitali inayotengeneza vifaa hivyo. Fundi aliachwa dirishani kupigisha faili muhuri, na kwa jinsi yule wa muhuri alivyokuwa akiongea na simu, alipomaliza mumewe alikuwa ameshafungwa. Fremu ya chuma chepesi ilimzunguka mbele. Pedi moja juu ya kifua, chini kidogo ya shingo. Pedi nyingine chini ya tumbo. Nyuma, mkanda mpana wenye pedi ya tatu iliyokandamiza kiuno, na bizimu pembeni ya kukazia. Fundi wa karakana, mwanamume mwenye penseli sikioni, alimpa Fundi karatasi na kuita, "Anayefuata!"

Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Kifaa kivaliwe wakati wote mgonjwa anapokuwa ameketi au amesimama. Mgonjwa asiiname. Basi. Fundi aliigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akakuta tangazo la kunawa mikono.

Kabla hawajafika nyumbani, Brashi alikuwa ameshakipa kifaa jina. Alikiita mke mwenza.

Watu humhurumia mgonjwa, na wana haki. Lakini hao hawajawahi kushinda ndani na mpaka rangi aliyefungwa chuma. Brashi aliwekwa kwenye kiti kirefu sebuleni, mkabala na cherehani, na kutoka hapo akaanza kukagua nyumba. Pale juu ya dirisha rangi imebanduka. Kona ile alipaka nani? Alipaka yeye. Basi alikuwa na haraka siku hiyo. Miwani imeanguka. Kijiko kimeanguka. Rimoti imeanguka tena. Fundi alikuwa na oda ya sketi za shule, sitini na nne, na kila akifika katikati ya mshono anaitwa kuokota kitu. Kwa siku moja alihesabu, akafika ishirini na tisa, akaacha kuhesabu ili asipandwe na hasira.

"Kinanibana, Fundi."

"Kimetengenezwa hivyo."

"Kimetengenezwa kinishike, si kiniue. Huyu mke mwenza ananikaba kifuani."

"Mwambie yeye, mimi niache nishone."

Juma la pili akaja wifi yake, dada mkubwa wa Brashi, na chupa ya mafuta kwenye mkoba na habari za mzee fulani anayenyoosha migongo kwa kuikanyaga kwa kisigino. Watu walibebwa kwenda kwake na kurudi wanatembea. Wifi alikuwa ameshapanga na siku.

Fundi aliacha cherehani, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba alimokuwa amelala Brashi.

"Wifi, nakuheshimu. Lakini atakayekanyaga mgongo ule atanikanyaga mimi kwanza."

"Mimi ni damu yake."

"Na mimi ndiye ninayemwogesha. Rudi na mafuta yako, wifi. Mfupa umevunjika, haujakunjamana."

Wifi alinuna, akaondoka chai ikiwa nusu kikombe. Fundi alijiona shujaa siku hiyo, na kweli alikuwa shujaa. Ndiyo maana lililofuata linauma.

Juma la tatu, ngozi ya kifua cha Brashi chini ya pedi ilikuwa nyekundu, imechubuka. Akivuta pumzi ndefu, pedi ilimrudisha. Kula alikula nusu. Kuongea aliongea kwa vipande. Fundi alifunga cherehani asubuhi, akaenda hospitali peke yake kuomba kirekebishwe. Karakana ilikuwa na kufuli, na kwenye mlango karatasi: fundi yuko likizo. Akaenda dirisha la jirani.

"Siku yenu ya kliniki lini?" akauliza mama wa dirishani.

"Wiki tatu zijazo."

"Basi njooni siku hiyo."

"Mtu anabanwa leo, dada yangu."

"Mama, mimi ni wa mafaili."

Akamwomba amwone daktari. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Akaomba namba ya simu. Namba hazitolewi. Alirudi nyumbani amejaa maneno na hana wa kumtupia, akamkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda na machozi yanamtoka. Brashi hakuwa mtu wa machozi. Hayo Fundi alikuwa ameyaona mara moja tu, siku walipomzika mama mkwe.

"Nusu ya mtaa huu," Brashi akasema, kipande kwa kipande, "wanaingia kwako wamebanwa, wanatoka wanapumua. Mimi ni mumeo. Mimi tu ndiye nisiyestahili?"

Wewe msomaji ungefanya nini, mimi sijui. Fundi alimlaza chali, akamvua kifaa, akakipeleka kwenye meza ya kukatia.

Mikono yake ilijua kabla kichwa hakijaamua. Nguo inayobana ina dawa moja, naye aliitumia maisha yake yote: lastiki nyuma. Sketi ya mtoto anayekua, tia lastiki nyuma. Gauni la mama mjamzito, lastiki nyuma. Suruali ya mzee mwenye tumbo linalokuja na kuondoka, lastiki nyuma, na mbele inabaki laini, mtu hajui. Alichukua ile pana, nzito, inayorudi kwa nguvu. Akakata mkanda wa nyuma pande zote mbili za pedi, akaunganisha kwa lastiki kiganja kimoja kila upande, akaifunika kwa turubai la rangi ile ile, akapiga mshono maradufu juu ya mistari ya zamani. Kisha akachukua bisibisi, akaishusha pedi ya kifua matundu mawili, akaiongezea sponji. Ilimchukua saa tatu. Alipomaliza alikigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, na hata yeye aliyekishona ilibidi atafute alipokata.

Brashi alivalishwa, akaketi, akavuta pumzi. Ikaingia yote. Akaitoa, akavuta nyingine, uso ukamchanua.

"Eeeh! Sasa huyu ndiye mke."

Akavaa bila kunung'unika. Lazima lisemwe hili, maana ndilo lililokuja kuwatia matatani: hakukosa hata siku moja. Akifungua macho anavalishwa, akilala anavuliwa, hata kuoga aliogeshwa kitandani kwa kitambaa. Alikula sahani ikaisha. Aliimba nyimbo za kwaya za ujana wake, akikosea maneno. Alipokea wageni, akawaonyesha chuma chake kama mtu anayeonyesha pikipiki mpya. Fundi akamaliza sketi zake sitini na nne, na utulivu ule aliufurahia, tena sana.

Juma la tano aliona shati la Brashi limening'inia vibaya. Mbele lilishuka, nyuma limepanda, tofauti ya vidole viwili. Shati alilikata mwenyewe mwaka jana, tena vizuri. Akakasirika na nafsi yake. Akamvua, akapunguza mbele, akapiga pindo upya. Kesho yake, shati la pili likawa vile vile. Akapunguza na hilo. La tatu alipolipunguza alilaumu kitambaa, kwamba vya siku hizi vinavutika vikifuliwa, na akamwambia hivyo aliyemuuzia. Brashi naye alisema mgongo unamchoma kidogo jioni, na wote wawili wakakubaliana kwamba ndiyo dalili ya mfupa kujiunga.

Siku ya kliniki, juma la sita, walikwenda wamevaa vizuri. Brashi alipigwa picha, wakaingia kwa daktari, kifaa kikawekwa juu ya kiti na yeye akalazwa kitandani. Daktari alibandika picha mbili, ya zamani na mpya. Akazitazama muda mrefu. Kisha akageuka.

"Mzee, hukuvaa."

"Nimevaa!"

"Ilikuwa imebonyea theluthi. Sasa ni karibu nusu."

"Basi hiyo picha ni ya mtu mwingine. Nimevaa kila siku, daktari. Mwulize huyu."

Daktari akamwangalia Fundi. "Mama, niambie ukweli. Alikuwa anavaa?"

"Alikuwa anavaa." Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Daktari alikwenda kwenye kiti, akakipindua kifaa, akakagua bizimu, akapitisha kidole juu ya mkanda. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akarudi mezani kwa uzito, akavuta fomu.

"Kama kweli amevaa kila siku na mfupa bado umeshuka, basi mgongo huu hautulii kwa kifaa. Nimejitahidi. Namwandikia upasuaji juma lijalo. Kabla ya hapo mtamwona daktari wa usingizi, aseme kuhusu hicho kifua." Akaanza kuandika.

Brashi alikazia macho dari. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua Fundi, hajui ni nini.

"Daktari, samahani. Kile kifaa kinafanyaje kazi?"

"Mama, nina watu arobaini nje."

"Nionyeshe tu."

Daktari akashusha pumzi, akachukua rula ya plastiki. Akaweka vidole viwili kwenye ncha zake, upande mmoja, na dole gumba katikati, upande wa pili. Akasukuma. Rula ikajipinda kwa nyuma.

"Huku ndiko mbele. Pedi ya kifua inasukuma kurudi nyuma. Ya chini ya tumbo inasukuma kurudi nyuma. Ya kiunoni inasukuma kwenda mbele. Sehemu tatu. Mgongo unakaa hivi, hauwezi kuinama, na uzito unaondoka kwenye ule upande uliobonyea, mfupa unapata nafasi ya kujiunga. Dole gumba likilegea," akalilegeza, "hakuna kitu. Mtu anakaa ndani ya chuma kama pambo, mgongo unaanguka mbele siku hadi siku."

Unaanguka mbele. Fundi akaona mashati matatu. Hakuyakata vibaya hata moja. Mashati yalikuwa sawa, mtu ndiye aliyekuwa anapinda ndani yake, na yeye, mwenye jicho la kupima mtu kwa kumtazama akipita barabarani, aliona na akaenda kukata kitambaa.

Kalamu ilikuwa imerudi kwenye fomu, inakwenda. Na hapo, tusifichane, akawaza kunyamaza. Mshono ule hakuna ambaye angeugundua. Akisema, habari itatoka chumba hiki, itafika mtaani, na itafika kwa wifi na chupa yake ya mafuta: Fundi alimzuia mzee wa kukanyaga migongo, kisha akambomoa mumewe kwa cherehani. Nani atampa tena nguo aiguse? Alimtazama Brashi pale kitandani, tumbo likipanda na kushuka, na kifua kikitoa ule mluzi mwembamba anaoujua kuliko sauti ya mashine yake. Kifua hicho ndicho walichotaka kukilaza mezani.

"Daktari, acha kuandika."

Akafungua mkoba, akatoa wembe wake wa kufumulia, uliofungwa kwenye karatasi. Daktari akarudi nyuma kidogo. Fundi akachukua kifaa, akakipakata, akakata mishono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akafunua turubai. Akashika mkanda ncha mbili akauvuta mbele ya macho ya daktari, ukarefuka, akauachia, ukarudi.

"Alikuwa anavaa hiki," akasema. "Chenu hakukivaa."

Daktari aliuchukua, akauvuta mwenyewe. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

Na hapo yote ya juma la tatu, kufuli na dirisha na wa mafaili, yakamtoka kwa mkupuo.

"Kwa sababu kilimbana, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba kazi yake ni kubana! Nimekuja hapa nimekuta kufuli! Mmenipa karatasi ya mistari miwili, na nyuma mmenifundisha kunawa mikono! Hiyo rula imekuchukua dakika moja, daktari. Dakika moja! Ungenionyesha siku ile, mimi mwenyewe ningemfunga kwa misumari!"

Daktari hakuomba radhi, lakini pia hakufoka. Alijisugua macho kwa vidole viwili, akaivuta ile fomu, akapiga mstari mmoja kuikata kutoka kona hadi kona.

"Umeniponza karibu nimpasue bure," akasema taratibu. "Na umefanya vizuri kusema. Karakana ipo wazi leo. Kirudishwe kilivyokuwa, na hiyo ngozi ya kifua ipakwe dawa, iwekewe kitambaa laini, basi. Wiki tatu, halafu picha. Ikishuka tena hata kidogo, ni meza. Na mjue, kilichoshuka hakirudi. Hata akipona, atabaki ameinama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Fundi akauliza.

"Mtu akimwangalia ataona."

Brashi kitandani alitikisa kichwa pole pole, kwa huzuni ya mtu aliyetendewa. "Kumbe ni lastiki," akasema. "Fundi, kumbe ni lastiki."

Fundi alilipokea hilo nalo.

Kule karakana, yule mwanamume mwenye penseli sikioni alifumua lastiki, akalishika turubai kwenye mwanga. "Ameshona nani hii? Mimi nafanya kazi hii miaka kumi na minane, sikuiona." Ilikuwa sifa, na Fundi angependa imuangukie siku nyingine yoyote. Mkanda mpya ukawekwa, pedi ikapandishwa matundu mawili, Brashi akasimamishwa, na safari hii fundi wa karakana akamkabidhi Fundi ncha ya mkanda.

"Vuta wewe, mama, ndiye utakayekuwa unamfunga. Vuta. Bado. Vuta."

"Inatosha!" Brashi akalia.

"Bado," akasema fundi wa karakana.

Fundi akavuta mpaka tundu la tano, akafunga bizimu.

Wakatoka kwenye korido ndefu, Brashi mbele amekakamaa, bahasha ya picha mkononi, Fundi nyuma na mkoba. Watu walikuwa wengi, wanaingia na kutoka. Brashi alianza kunung'unika kabla hawajafika hata kwenye mabenchi.

"Wiki tatu za jela. Angalau kile cha lastiki nilikuwa mtu. Nilikuwa hata kamba za viatu nafunga mwenyewe."

Fundi akasimama.

"Ulikuwa unafunga nini?"

"Nasema tu."

"Baba watoto. Ulikuwa unainama ukiwa ndani ya chuma?"

Brashi alitafuta pa kutazama. "Ukiwa umekwenda sokoni. Mara moja moja."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Nilijaribu tu, nikaona kinakubali. Na nikajua hakiko sawa. Huyu wa penseli, siku ile ya kwanza, aliniambia: mzee, siku ukiona unaweza kuinama, rudi hapa haraka. Wewe ulikuwa dirishani kwenye muhuri."

"Alikuambia."

"Ningekwambia, ungekirudisha kilivyokuwa. Nilikuwa napumua, Fundi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa napumua."

Fundi alikuwa amefumua mishono yake mbele ya mtu mgeni. Alikuwa amebeba aibu ile peke yake, mtu huyu amelala pale anatikisa kichwa.

"Na mimi nimesimama mle ndani," akasema, "nikamfokea daktari wa watu kwamba hatukuambiwa."

"Wewe hukuambiwa," Brashi akasema.

Kwa jinsi alivyotazamwa, bahasha ikamponyoka. Ikaanguka chini, picha ikachungulia nusu. Kwa mazoea akataka kuifuata. Mabega yakaanza safari, chuma kikakataa, akabaki wima katikati ya korido, mikono imening'inia, anaitazama bahasha bila kuifikia. Mtu mmoja akaizunguka. Mwingine akairuka.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeiona."

Akaiacha pale kwanza. Alimtazama mumewe kutoka kisigino mpaka utosini, lile shati alilolipunguza sasa limekuwa fupi mbele, kiuno kimeshikwa, mgongo umenyooka kadiri ulivyoweza kunyooka. Hakuwa na hamu ya kumsamehe, si leo. Kisha akainama, akaiokota bahasha, akaifuta vumbi, akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe na kufunga zipu.

"Twende," akasema. "Kuanzia leo, utakachoambiwa na hawa watu utaambiwa nikiwepo."

Na akatangulia.